Mgongo wa Tangi

Rafiki yangu, mpima majengo, alitumwa kwenye kiwanda cha bia kilichofungwa miaka ishirini iliyopita. Ofisi ilitaka, kwa nakala tatu, ujazo wa tangi tupu. Mlango wa tangi hufungwa kwa nje tu, kwa hiyo zamani ukiingia kuosha, mwenzako alikuwa akibaki mlangoni akigonga chuma, ujue hujaachwa. Shemeji yake, aliyewahi kuyaosha matangi hayo, aliapa kubaki.

Gizani ndani ya tangi rafiki yangu alipima kwa amani, akisikia ngo, ngo, ngo. Alipotoka hakukuta mtu. Shemeji alikuwa getini na soda.

“Shem, si uliniapia?”

“Niliapa tukiwa juani.”

“Sasa nani alikuwa anagonga?”

Shemeji akaweka chupa chini. “Kwa nje,” akauliza, “au kwa ndani?”

Rafiki yangu akakumbuka kule gizani. Mlio ulikuwa ukitoka nyuma yake, kila mara karibu zaidi.