Ndoo Mbili, Makopo Mawili

Fundi rangi alikuwa na karakana yenye mlango mpana na ukuta mmoja wa kuandikia. Ukuta huo ulijaa madoa. Kila alipochanganya rangi mpya alipaka kidogo ukutani, akaandika pembeni vipimo vyake: ndoo moja ya hii, kopo moja la ile. Daftari hakuwa nalo na hakulitaka.

Karibu na dirisha kulikuwa na hesabu za aina nyingine. Hizo zilikuwa alama za binti yake. Tangu binti alipoanza shule ya msingi, wawili hao walikuwa na desturi yao. Matokeo yakitoka, wanajumlisha alama za masomo yote, wanagawanya kwa idadi ya masomo, wanapata wastani. Shule nayo ilifanya hivyohivyo, kwa hiyo hesabu zilikubaliana miaka yote.

Sasa binti alikuwa chuoni, mwaka wa kwanza wa uhandisi. Matokeo ya muhula wa kwanza yalipotoka, walisimama mbele ya ukuta kama kawaida. Chuoni hapo A ilikuwa pointi tano, B nne, C tatu na D mbili. Binti alikuwa na A ya Stadi za Mawasiliano na A ya Kompyuta. Hisabati alipata D. Mekanika, D nyingine. Hizo D alizitaja kwa sauti ndogo, lakini baba aliandika zote. Tano, tano, mbili, mbili. Jumla kumi na nne. Gawanya kwa masomo manne. Tatu na nusu.

Chuo kilitaka wastani wa tatu mwisho wa mwaka. Asiyefikisha huondolewa uhandisi. Fundi aliona mtoto amevuka, tena kwa raha zake. Akachukua brashi, akaandika 3.5 kwa rangi ya bluu, kubwa, mahali ambapo kila mteja angeiona. Wiki nzima alitembea kifua mbele.

Kisha ikaja barua ya chuo. Ilisema wastani wa binti ni 2.6, na ilimwonya.

Fundi alikuja juu. Alisema wamempunja mtoto wake, na kwamba kesho yake angeenda hukohuko chuoni wamweleze vizuri. Binti alikuwa ameshajumlisha tena mara tatu, akapata tatu na nusu ileile. Aliogopa, na kibaya zaidi hakujua amekosea wapi.

Siku hiyo jirani yao alikuwepo karakanani. Alikuwa injinia wa maji, mama wa makamo asiyependa maneno mengi, na alikuja kuchukua rangi ya kupaka mabomba. Aliomba kuiona barua pamoja na karatasi ya matokeo. Akasoma vyote viwili, kisha akamwuliza binti kila somo lina krediti ngapi.

"Zimeandikwa hapo pembeni," binti akasema. "Sikuzitumia."

"Basi ndipo ulipokosea. Fundi, chuo hakijampunja mtu."

Fundi alikunja uso. Injinia hakubishana naye. Alivuta ndoo mbili za rangi ya kijivu, akaziweka katikati ya sakafu. Kando yake akaweka makopo mawili madogo ya rangi nyeupe.

"Nikimwaga vyote hivi kwenye pipa moja, nitapata rangi gani?"

"Kijivu," fundi akajibu.

"Kwa nini isiwe nusu kwa nusu? Nyeupe ni mbili, kijivu ni mbili."

"Jirani, unanitania. Kopo ni kopo na ndoo ni ndoo. Hiyo nyeupe itamezwa."

Injinia akamgeukia binti. "Hisabati ina krediti nne, na Mekanika nne. Hizo ni ndoo. Stadi na Kompyuta zina krediti mojamoja. Hayo ni makopo."

Fundi alikuwa bingwa wa vipimo, na hapo ukutani pake alihesabu alama za mwanawe kana kwamba vyombo vyote ni sawa. Aliona aibu, akasema wazi kwamba ameona aibu.

Injinia alichukua chaki, akaandika taratibu ili wote wafuate. Pointi za kila somo zinazidishwa kwa krediti zake. Hisabati, mbili mara nne, nane. Mekanika vilevile, nane. Stadi tano, Kompyuta tano. Jumla ishirini na sita. Hapo hugawanyi kwa masomo manne. Unagawanya kwa krediti zote, nazo ni kumi. Jibu likawa 2.6, kama barua ilivyosema.

Kisha akaeleza ya mwisho wa mwaka. Pointi za mihula yote miwili zinajumlishwa, zinagawanywa kwa krediti zote za mwaka. Muhula wa pili ulikuwa na krediti kumi na mbili. Ukiongeza zile kumi, ni ishirini na mbili. Ili wastani uwe tatu, zinahitajika pointi sitini na sita. Binti alikuwa nazo ishirini na sita.

"Bado arobaini," binti akasema. "Nitazitoa wapi?"

"Muda wako huwa unaupeleka wapi?"

Binti alifikiri, akasema ukweli. Muhula uliopita alitumia wiki tatu kuandaa mada ya dakika kumi ya Stadi, akipanga picha na kuremba herufi. Hisabati aliifungua akiwa ameshachoka, kwa sababu ilimtia hofu.

"Hata mimi nilikuwa hivyo," injinia akasema. "Hesabu hii niliijua nikiwa nimeshaondolewa. Nilianza upya chuo kingine. Wewe bado una muhula mzima."

Akamshauri asome mwongozo wa chuo chake, maana kila chuo kina taratibu zake, na aende kwa wahadhiri mapema, asisubiri mtihani ufike. Akabeba rangi yake akaenda zake.

Binti alipanga ratiba upya. Hisabati na Umeme, zenye krediti nne kila moja, alizipa saa za asubuhi, akili ikiwa bado safi. Aliingia kikundi cha kufanya mitihani ya miaka iliyopita. Mhadhiri wa Hisabati alimzoea mlangoni kwake. Mada ya Stadi aliiandaa kwa siku mbili, bila mapambo.

Matokeo yalitoka. Hisabati B, kumi na sita. Umeme B, kumi na sita. Michoro ya krediti tatu C, tisa. Stadi C, tatu. Safari hii fundi alizidisha mwenyewe, polepole, kidole kikifuata chaki. Arobaini na nne. Ukiongeza ishirini na sita, ni sabini. Akagawanya kwa ishirini na mbili.

Aliifuta ile 3.5 kwa rangi nyeupe, akasubiri ikauke, akaandika 3.18 palepale.

Mteja wa kwanza aliitazama sana. "Fundi, mbona mtoto ameshuka? Si alikuwa na tatu na nusu?"

"Ile nilimpa mimi," fundi akasema. "Hii ameipata mwenyewe."