Kasuku na Asili ya Foronya

Kila alasiri, akishaosha vyombo, Kasuku hukaa chini kando ya cherehani ya mama yake na kufungua daftari. Mama ni fundi wa nguo. Siku hiyo alikuwa na foronya ishirini za nyumba ya wageni, na uzi ulikuwa umekatika kwa mara ya nne.

"Mama, asili ya neno foronya ni nini?"

"Sijui, mwanangu. Mimi nakata na kushona. Asili kaulize penye kamusi."

"Na maana yake?"

"Si hiyo uliyoikalia? Inuka, unaikunja!"

Mwalimu alikuwa amewaagiza wachague neno la nyumbani, waandike maana yake, visawe vyake na asili yake, pamoja na jina la aliyewaeleza. Kamusi ilikuwa shuleni, na Kasuku alitaka kumaliza upesi akacheze. Akaandika: "Neno hili limetokana na fundi wa kale aliyeitwa Foro. Nimeelezwa na bibi." Bibi alifariki mwaka uliopita. Nani angebisha?

Kesho yake mwalimu alifurahi mno. Alisema kazi hiyo itabandikwa ukutani, ila mzazi atie sahihi kwanza.

Mama aliisoma karatasi. Akairudia. Akavua miwani.

"Foro ndiye nani?"

Kasuku akainamia daftari lake.

"Leo kasuku amekuwa bubu! Mama yangu hakuwahi kutamka foronya maisha yake yote. Alisema nguo ya mto. Alituambia mto nao una haya, usilazwe uchi. Umesahau?"

"Sijasahau, mama. Nilidhani hilo si neno la kuandika shuleni."

"Basi la kwake umelitupa, ukamsingizia la uongo, kwa kuwa hawezi kujitetea! Sitii sahihi mimi."

Alisukuma karatasi kando, akakanyaga cherehani kwa nguvu mpaka uzi ukakatika tena.

Asubuhi, kabla ya kengele, Kasuku alimfuata mwalimu akasema kweli yote. Mwalimu alishika kichwa.

"Na mimi nimeshawasimulia walimu wenzangu habari za Foro! Kaa hapo." Akamsogezea kamusi.

Haikuchukua hata dakika tano. Foronya ni mfuko wa kitambaa unaovishwa mto, na asili yake ni Kireno. Kasuku akaandika upya. Penye visawe akaandika: "Nguo ya mto. Ndivyo alivyosema bibi yangu."

Jioni mama alisoma polepole, kidole kikifuata mstari ule wa mwisho. Akatia sahihi.

"Sikia, mwanangu," alisema, sauti imeshuka. "Usilolijua, sema hulijui, kisha ulitafute. Na mtu akishatutoka, tunabaki na maneno yake tu. Tukichanganya humo ya kwetu ya uongo, hata yale ya kweli hakuna atakayeyaamini."