Mlima Ulionyamazishwa

Risasi ya kwanza ilipasua jiwe. Ya pili ilipita juu ya sikio lake.

Shangazi hakusimama.

Aliteremka mteremko wa majivu kwa makalio, buti mbele, bastola ya Glock mkononi, moshi wa salfa ukimkaba koo. Ofisini, kwenye idara ya ujasusi, walimwita Shangazi kwa sababu alikemea wakubwa na wadogo bila kubagua. Alitua kisiwani asubuhi hiyo akijifanya fundi wa betri wa kituo cha kupimia mitetemo ya volkano. Kwa miezi kadhaa kituo kilikuwa kikituma taarifa ileile: mlima umetulia. Lakini picha za setilaiti zilionyesha moshi.

Sasa alijua kwa nini.

Kwenye kipimo kilicho karibu na kreta alikuta waya umekatwa. Mahali pake palifungwa kisanduku cheusi, kikituma utulivu uliorekodiwa zamani. Mlima ulikuwa ukipiga kelele, na mtu alikuwa ameuziba mdomo. Alikuwa ameshakichomoa kisanduku na kuunga waya pale walinzi wawili walipomwona.

Akajitupa nyuma ya mwamba, akasubiri.

Mlinzi wa kwanza alitokea akihema. Risasi moja. Wa pili akageuka kukimbia, kisha akajifanya shujaa, akainua bunduki.

Risasi moja.

Ardhi ikatetemeka chini ya tumbo la Shangazi.

Kituo kilikuwa chumba kimoja cha bati chenye nyaya sakafuni na vikombe visivyooshwa. Mtaalamu, msomi wa volkano aliyekiongoza, alikaa mbele ya kompyuta na ndevu za wiki nyingi. Alipoona kisanduku mkononi mwa mgeni wake, hakukana.

"Wamemchukua mke wangu," alisema. "Yuko kwenye meli yao, pale gatini. Wanaficha silaha mapangoni. Nikitangaza hatari, jeshi la wanamaji litakuja kuhamisha watu, nao watanaswa. Wakaniambia, nyamaza au umzike."

"Ukanyamaza. Na watu wa kisiwa kizima?"

"Ungekuwa wewe, dada, ungemtoa nani kafara?"

Shangazi aligeukia kompyuta. Kwenye skrini, mistari ilikuwa imeanza kuchora ukweli: meno ya msumeno, marefu, yamebanana.

"Tuna muda gani?"

"Jioni hatufiki."

Akatoa simu ya setilaiti.

"Makao, huyu ni Shangazi. Mgonjwa wetu wa mlimani anakata roho."

"Meli ya karibu itafika kesho."

"Kesho mtakuta maji tu."

"Fanya unaloweza, Shangazi."

Ikakatika.

"Piga king'ora," alimwambia Mtaalamu. "Nipe redio moja na pikipiki yako. Naifuata meli hiyohiyo."

Alifika gatini king'ora kikilia kisiwa kizima. Mabaharia walikuwa wakimalizia kupakia makreti. Alipanda ngazi kama mtu aliyechelewa kazini, akaingia chumba cha usukani na kumgusisha Nahodha mdomo wa Glock nyuma ya sikio.

"Tupa mzigo baharini. Wote."

"Una wazimu? Huo ni mzigo wa vita nzima!"

"Ndiyo maana."

Mabaharia waliutazama mlima, wakaitazama bastola. Makreti yakaanza kuanguka majini, moja baada ya jingine.

Watu wakaja mbio, watoto mgongoni. Mzee mmoja alikuwa ameng'ang'ania godoro.

"Liache, baba!" Shangazi alifoka kutoka juu.

"Ni jipya!"

"Hata wewe ulikuwa mpya siku moja! Panda!"

Alipanda bila godoro. Mtu mmoja alicheka, kisha akaanza kulia.

Shangazi akamgeukia Nahodha. "Mke wa Mtaalamu yuko wapi?"

"Yule? Alijirusha baharini usiku wa kwanza. Hakuibuka."

Redio ikakwaruza.

"Dada, umempata?"

Alikuwa amewadanganya watu wengi maishani, wengine wakiwa na bunduki mezani. Huyu alishindwa kumdanganya.

"Hayupo, kaka. Tangu usiku wa kwanza."

Redio ikakoroma. Alidhani Mtaalamu ameizima.

"Teremka," akasema. "Tunakungoja."

"Msiningoje. Mpasuko umeelekea magharibi. Watu wa kijiji cha ng'ambo hawatavuka. Mkiwasubiri, mtakufa nao. Ondokeni, dada. Mimi nitaendelea kuwasomea mlima."

Shangazi alitazama barabara. Walikuwa bado wanakuja, mbali kule, wadogo kama sisimizi. Sitaha haikuwa na pa kukanyaga.

"Kata kamba," akasema.

Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Kwenye redio Mtaalamu aliendelea kusoma kwa utulivu, kama anayefundisha darasa. Unapanda. Unapanda. Bado unap...

Upande mzima wa mlima ukafunguka. Meli ikaruka juu ya wimbi, ikatua. Majivu yakawaangukia hata wasionane nyuso.

Bandarini, upande wa bara, maofisa walimfunga Nahodha pingu. Simu ikaita.

"Hongera, Shangazi. Hakuna silaha hata moja itakayofika vitani. Kazi safi."

"Hukuwepo," alisema, akakata.

Akapangusa majivu mabegani, akavaa miwani ya jua, akaanza kutembea. Karibu na geti mwanamke mmoja alimshika mkono.

"Samahani, dada. Ile meli ya pili inafika saa ngapi? Mume wangu alisema atapanda ya pili."

"Hakuna ya pili, mama."

Mwanamke akaitikia kwa kichwa, kwa adabu. Kisha akasogea pembeni asizuie njia, akaketi chini, akaelekeza macho baharini.

Shangazi akatoka nje ya geti.