Indiketa ya Kushoto

Kwanza ilikuwa harufu. Fundi umeme wa magari, yule kijana ambaye gereji nzima ilimwita Volti kwa sababu alianza kujiita hivyo mwenyewe na watu wakachoka kumpinga, alifungua buti la gari jeupe akapigwa na marashi usoni. Yalinukia kama mwanamke aliyejipulizia kisha akapita juu ya udongo uliotoka kunyeshewa, ingawa mvua yenyewe ilikuwa haijanyesha muda mrefu, watu walishaisahau.

"Mama, umebeba nini humu?"

"Tairi la akiba na jeki," akajibu mwenye gari, mama wa duka la vitambaa. "Gari nililinunua hivyo hivyo, linanukia. Bei ilikuwa ya kutupa. Wewe nishughulikie indiketa ya nyuma. Kila nikikata kushoto, walioko nyuma wananimwagia honi na matusi."

"Indiketa tu? Hiyo natengeneza mkono mmoja uko mfukoni."

"Na juzi ulisema hivyo kuhusu staata," akadakia Kipara, fundi breki, akiwa chini ya pikapu. "Mwenye gari akaondoka anasukumwa."

"Kipara, ongea na breki zako. Ndizo zinazokuvumilia."

Volti siku hiyo alikuwa na raha ya kupitiliza. Mkewe alikuwa amerudi. Alikuwa amekwenda kwao bila kelele wala ugomvi, akakaa huko hadi mama yake mzazi akamrudisha kwa maneno mawili matatu: mpe nafasi moja ya mwisho, akiichezea, rudi, chumba chako kipo. Volti aliapa mbele ya wakwe kwamba amebadilika. Aliapa kwa maneno mengi sana, na hakuna aliyepata pa kupenyeza lake. Hata mkewe, aliyefungua mdomo mara kadhaa kueleza kilichomwondoa, aliishia kuufunga.

Basi akaanza kazi. Akawasha swichi, akasukuma mkono wa indiketa. Mbele kushoto ikawaka mbio mbio, na kwenye dashibodi mlio ukawa tik-tik-tik wa haraka, kama gari lina homa. Nyuma kushoto, giza. Yeyote aliyewahi kushika bisibisi anajua maana yake: kuna balbu haifanyi kazi. Akatoa balbu ya kulia akaihamishia kushoto. Giza. Akasugua kutu kwenye holda kwa msasa, akaangalia waya wa kurudisha umeme, ule unaoshika bodi, umekaza vizuri. Akachomeka taa ya kupimia. Umeme haufiki kabisa.

Akaanza kuufuata waya chini ya zulia la buti, na hapo ndipo alipoukuta. Ulikuwa umekatwa. Ncha zote mbili zilifungwa kitambaa cheupe, na juu ya kitambaa uzi mweusi, umezungushwa kwa subira, fundo juu ya fundo.

Kipara alikuja akachungulia. Akaacha utani.

"Volti, huo haujakatika. Umekatwa kwa koleo."

"Naona. Nina macho."

"Waya ukikatika wenyewe unachakaa, unachomoka nyuzi nyuzi. Huo mtu amekaa chini akaukata, akaufunga kama kidonda. Hajaweka hata tepu. Mwulize mama alinunua kwa nani."

"Nimwulize ili iweje? Wewe ukikuta jicho limefumbwa huwezi kulifumbua mpaka upate barua?"

"Mimi nimesema tu, ndugu yangu."

"Umesema. Rudi chini ya pikapu."

Akakata uzi kwa meno. Akamenya ncha, akazisokota pamoja, akapiga tepu. Taa ikawaka. Ila haikwenda na ya mbele. Ya mbele ilipepesa. Hii ya nyuma ilikuja taratibu na kuondoka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Volti akapiga makofi, akajisifu mwenyewe kwa kuwa hakuna mwingine aliyemsifu.

Pale gereji kuna mtindo: gari likipona, fundi analijaribu kwa kwenda nalo kula nyumbani. Volti akatoka nalo mchana huo, dirisha wazi, kiwiko nje, apate kuonwa na mkewe ndani ya gari ambalo si lake. Kwenye lango lake akasukuma mkono wa indiketa. Kushoto. Akaingia.

Akazima gari, akachomoa ufunguo. Tik. Mlio ukaendelea kidogo, polepole, halafu ukanyamaza. Na upande wa nyuma kushoto, gari likainuka. Likainuka kama linavyoinuka abiria mnene akishuka.

"Springi hizo," Volti akasema kwa sauti, ingawa hakuna aliyemwuliza.

Akala, akasimulia jinsi alivyoumaliza ubishi wa Kipara, akarudisha gari kazini. Hakuona kwamba, alipoingia, mkewe alikuwa akiangalia mlangoni nyuma yake, kwa adabu, kama anayesubiri mgeni amalize kuvua viatu.

Siku zilizofuata nyumba ikaanza kunukia. Marashi na udongo mbichi, kwenye mapazia, kwenye mto, hata kwenye maji ya kunywa. Ukutani kulikuwa na tik ambayo haikuwa ya saa, maana saa yao ilikuwa imekufa zamani. Volti akasema ni panya. Mkewe alikuwa amenawiri, na alikuwa akicheka peke yake jikoni, kicheko cha chini, cha mtu aliyetekenywa na maneno matamu.

Alasiri moja umeme ulikatika gereji, Volti akarudi mapema. Alisikia sauti ya mkewe kutoka sebuleni, ndefu, tulivu, inakwenda tu bila kukatizwa, na alipousukuma mlango alimkuta amekaa mbele ya kiti kitupu, vikombe viwili vya chai mezani, kimoja kimepungua.

"Unaongea na nani?" akanong'ona.

"Na wewe."

"Mimi nimetoka asubuhi!"

"Ndiyo maana nashangaa," mkewe akasema, bila kugeuka. "Leo umenisikiliza mpaka mwisho."

Kiti kikalia, mbao zikajinyoosha moja baada ya nyingine kama zinavyofanya mtu akinyanyuka, na mto wa kiti uliokuwa umebonyea ukapanda polepole hadi ukajaa, na ile harufu ya udongo wa mvua ikampita Volti ubavuni karibu kabisa, ikiwa na joto, ikiwa na pumzi, ikaingia chumba cha kulala, na mlango, ambao yeye mwenyewe alikuwa ameshindwa kuutengeneza kitasa kwa sababu kila siku alisema ni kazi ndogo, ukajifunga kwa upole, kama unavyofungwa na mtu ambaye hataki kuwasumbua wenye nyumba.

Volti akakimbia. Tuseme ukweli, alikimbia hadi kwa Kipara, na Kipara, bila kumcheka, akampeleka kwa mganga.

Mganga alikuwa mtu mfupi mwenye mafua. Alifuatana nao hadi kwa Volti, akaingia sebuleni akipenga kamasi, akakaa mbele ya mke, akasema kwa upole, "Wewe uliyemo humu, umeletwa na nani?"

Mke akafungua mdomo. Sauti iliyotoka ilikuwa ya Volti. Ilikuwa yake kabisa, ila haikuwa na haraka.

"Nilikaribishwa. Huwa naingia nilipoonyeshwa taa. Mwenye nyumba aliwasha, akakata kushoto, nikashuka."

Mganga akamgeukia Volti. "Kuna waya uliufungua?"

"Ulikuwa... mzee wangu, ulikuwa umekatwa tu."

"Umekatwa tu." Akapenga tena. "Mwanangu, kuna mtu alihangaika kuufunga ule waya. Sasa utamtoa kama ulivyomwingiza. Leta gari uani, washa taa ileile, toka naye langoni. Mpeleke kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa, ambako hakuna nyumba. Huko ukate waya, uache gari, urudi kwa miguu. Na njiani usimjibu. Hata akisema nini. Utaweza kunyamaza?"

"Ataweza," Kipara akasema. "Leo ataweza."

Mama wa vitambaa alipoambiwa, aliutupa ufunguo mezani kama unamchoma. Alitaka gari, akasema, hakutaka mpangaji.

Volti akatoka langoni taa ikipumua. Gari likalala upande wa nyuma kushoto, likiwa na uzito. Na walipoziacha nyumba za mwisho, kutoka kiti cha nyuma sauti yake mwenyewe ikaanza kusema naye, taratibu, karibu na sikio: najua mkeo aliondoka kwa nini ile mara ya kwanza, ameniambia yote, alilia hata akalala begani kwangu, ni jambo dogo, ungelirekebisha kwa siku moja, na kama unataka kulijua niulize tu, neno moja tu, niulize, mume, niulize, niulize.

Volti aliuma midomo mpaka ikatoa damu. Hakuuliza. Machimboni akainama kwenye buti, akaukata waya kwa koleo lake, akafunga gari, akaweka ufunguo mfukoni, akaondoka.

Alifika kwake jua likiwa linazama. Nyumba ilikuwa hainuki kitu. Mkewe alikuwa amesimama langoni, mkoba begani.

"Umempeleka wapi?"

"Mbali. Umepona, mke wangu! Nimemtoa mwenyewe, huwezi amini, yule mganga alikuwa hajui hata..."

"Sikuwa naumwa."

"Yule alikuwa jini!"

"Nilijua tangu siku aliyoingia." Alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimwuma kuliko matusi. "Aliniuliza nimelalaje. Wewe tangu nirudi hujaniuliza hata kwa nini niliondoka."

Volti akafungua mdomo. Angeweza kuuliza hapo hapo. Lakini gari jeupe lilikuwa linakuja barabarani taratibu, kiti cha dereva kitupu, na mlango wa abiria ukafunguka mbele ya lango. Halikuingia. Lilisubiri nje, na mkewe akatoka mwenyewe, akapanda, akapanga gauni lake vizuri, mlango ukafungwa.

Volti akapapasa mfuko. Ufunguo ulikuwemo.

Akalikimbilia akiita, akisema sasa niambie, niambie, nasikiliza. Mbele kulikuwa na njia panda: moja imenyooka kuelekea mjini, nyingine inakata kushoto kwenda asikokujua. Gari likapunguza mwendo, vumbi likalifunika. Alitazama nyuma ya gari lile kwa macho yake yote, akingoja taa imwonyeshe linaelekea wapi.

Haikuwaka. Waya wake aliukata mwenyewe, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake, kazi yake ilikuwa safi.