Nilikwenda Kukagua Bomba, Mlango Akanifungulia Mume Wangu

Kavaa kaptula na ndala, kama mtu aliye kwake.

Jamani, mimi ni mkaguzi wa majitaka. Nyumba mpya haifunguliwi maji mpaka bomba lake la uchafu likaguliwe, ndipo liungwe kwenye bomba kuu la umma. Siku hiyo nilipangiwa mstari mmoja wa nyumba mpya.

Mume wangu alikuwa ameniaga anasafiri kikazi...

"Umejuaje niko hapa?" akaninong'oneza.

"Sikujua. Nimekuja kukagua choo."

Nyuma yake nikamwona dada mmoja, mzuri wa kutazama mara mbili, anatundika mapazia mapya. Mapazia, wenzangu... Dirisha la sebule yangu nimeliziba kwa shuka.

"Mpenzi, huyu ndiye wa maji?"

"Ee... ndiye," akajibu mume wangu.

Roho iliniwaka. Nikatoka, nikafunua chemba, lile shimo la kukagulia bomba, nikamwaga maji yenye rangi. Yalitakiwa yateremke mpaka chemba ya barabarani.

Yakarudi nyuma.

Bomba lilikuwa limelazwa kinyume. Wakihamia tu, uchafu wote utawafurikia chooni.

Sasa niwaambie ukweli. Nilitaka kupitisha. Waogelee humo humo na mapazia yao...

Kalamu nilishaishika. Lakini bomba lile lilikuwa la nyumba zote za mstari ule, na jirani mmoja alishaanza kuingiza vitanda vya watoto.

"Sipitishi," nikasema. "Mkandarasi afukue, alaze upya."

Mume wangu akanivuta pembeni.

"Acha wivu. Pitisha, tutaongea nyumbani."

Yule dada alikuwa mlangoni.

"Nyumbani kwa nani?"



"Kwetu," nikasema. "Mimi ni mke wake."

Alinitazama weee... Nikajua sasa natukanwa.

"Na bomba? Ni bovu kweli, au ni hasira zako?"

"Njoo uone."

Akaja, akainama juu ya chemba. Akayaona maji ya rangi yametuama.

"Ungeweza kupitisha tu, ukaniacha."

"Nilitaka."

Aliingia ndani, akatoka na begi lake, akamwekea mume wangu funguo mkononi.

"Mwenzio kaniambia ukweli na ananichukia. Wewe unayenipenda umenidanganya."

Akaenda zake.

Bomba lilifukuliwa, likalazwa vizuri, nikalipitisha mwenyewe. Mume nilimfungashia nguo zake.

Roho bado inaniuma nikikumbuka yule dada alivyomwita mpenzi. Ila wenzangu, wivu ukikukuta kazini, fanya kwanza kazi ya watu. Ukimaliza, nenda kalie.