Bimkubwa na Fimbo za Henzerani

Mlango uligongwa Jumapili asubuhi, Bimkubwa akiwa anakaanga maandazi. Hakuwa akimtarajia mgeni. Katika jengo lao la Silver Spring, Marekani, watu hawatembeleani bila kupigiana simu kwanza. Alichungulia kwenye tundu la mlango. Alimwona mwanamke mfupi wa makamo, amevaa sare ya wauguzi.

"Naitwa Marivic," mgeni alisema kwa Kiingereza cha taratibu. "Naishi ghorofa ya chini. Jana nilikuwepo stesheni. Nimekuja kukujulia hali."

Shamte, mume wa Bimkubwa, alitoka chumbani. "Stesheni kulikuwa na nini, mama Tasnim?"

Bimkubwa alizima jiko. Ilibidi aseme.

Alikuwa akifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kila jioni alirudi kwa treni. Kwa muda sasa mwanamume mmoja alikuwa akimsalimu kila akitoka stesheni. Bimkubwa alimwitikia. Kwao Unguja, mtu akikusalimu humwachi hivi hivi. Kisha yule mtu alianza kutembea naye. Akamuuliza anaishi wapi. Bimkubwa aliinamisha macho, akatabasamu kwa haya, akamwambia samahani, ana haraka. Jana mtu huyo alimshika mkono. Bimkubwa alivuta, naye akavuta. Marivic aliyekuwa nyuma yao alipiga kelele. Ndipo yule mtu alipomwachia.

Shamte alisema kuanzia kesho atampokea mwenyewe kwa gari. Alifanya hivyo, lakini haikuwa rahisi. Zamu yake ya kusambaza mizigo ilikuwa bado haijaisha saa hizo. Bosi wake alianza kulalamika.

"Basi acha kazi," Shamte alimwambia mkewe mwishowe.

Bimkubwa hakutaka kuacha. Aliipenda kazi yake. Palikuwa na bibi mmoja pale ambaye alikuwa hali mpaka Bimkubwa akae karibu naye. Lakini kutembea peke yake hakuweza tena. Hata kwenda kufua nguo chini ya jengo alimsubiri Tasnim, binti yake, atoke shule.

Marivic alirudi. Alisema huwafundisha wanawake mchezo wa kujihami wa kwao Ufilipino. Unaitwa arnis. Hufundishwa kwa fimbo nyepesi za henzerani.

Shamte alicheka. "Mama Tasnim acheze kirumbizi? Hiyo ngoma ya wanaume. Na mimi nivae kanga nipike?"

Marivic aliuliza anacheka nini. Bimkubwa alimweleza kwamba kirumbizi ni ngoma ya fimbo ya Pwani. Huchezwa harusini. Wanaume wawili huingia kati wakapigana fimbo kwa mchezo, wengine wakiwazunguka. Wanawake hutazama.

Marivic naye alicheka. "Kwetu ilikuwa vile vile. Mjomba aliwafundisha wavulana. Mimi nilitumwa kuwaletea maji. Nilijifunza kwa kuwatazama, kisha nikajaribu nyuma ya nyumba kwa mpini wa ufagio. Nilipofika Marekani nilikuwa mpweke sana. Nikishika fimbo, najiona nyumbani."

Bimkubwa alikwenda. Darasa lilikuwa katika ukumbi mdogo wa jengo. Walikuwa wanawake peke yao na mapazia yamefungwa. Alivaa suruali pana na mtandio wake. Wote walimwita mwalimu Ate, yaani dada mkubwa, kama desturi ya Wafilipino. Neno hilo lilimpendeza Bimkubwa. Hata kwao, mkubwa haitwi kwa jina tupu.

Alipangwa na Wairimu, Mkenya anayesuka nywele. Walisimama wakitazamana. Fimbo ya mmoja inapiga, ya mwenzake inazuia, kisha wanabadilishana. Lakini kila Bimkubwa alipopiga kwa nguvu, alishusha mkono na kusema pole.

"Wee mama," Wairimu alisema, "unanichapa halafu unanipa pole? Chagua moja."

Wanawake walicheka. Marivic aliuliza maana ya neno pole. Alipoelezwa, hakucheka.

"Ni neno zuri," alisema. "Liseme tukimaliza. Sasa ukilisema unashusha mkono. Mkono unazoea kushuka. Siku ukiuhitaji, utashuka pia."

Bimkubwa alikumbuka alivyomwambia yule mtu samahani, huku ameinamisha macho.

"Kwa hiyo nisiitikie salamu za watu?" aliuliza.

"Itikia ukitaka. Lakini kuitikia salamu si kumpa mtu ruhusa ya kukufuata. Akikusogelea, simama wima. Mtazame. Inua kiganja, mwambie asimame hapo hapo. Sema kwa sauti, ili watu wengine wasikie."

Walijaribu. Mara ya kwanza Bimkubwa alisema kama mtu anayeomba chumvi mezani. Walirudia mpaka sauti ikatoka.

Marivic aliwaonyesha pia jinsi ya kujitoa mkononi mwa mtu. Usivute nyuma tu, maana mwenye nguvu atakushinda. Zungusha mkono wako kuelekea kidole gumba chake. Hapo ndipo mshiko ulipo dhaifu.

"Na fimbo?" Wairimu aliuliza. "Nitembee nayo kwenye treni?"

"Hapana. Fimbo inafundisha mkono, macho na miguu. Njiani utakuwa mikono mitupu. Ukipata nafasi ya kuondoka, ondoka. Aliyekimbia akafika kwake salama ameshinda. Kisha toa taarifa. Kosa si lako, usilifiche."

Bimkubwa alitoa taarifa kwa mfanyakazi wa stesheni. Kisha akaanza tena kurudi kwa treni, na jioni moja yule mtu alitokea tena. Bimkubwa aliinua kiganja, akamwambia kwa sauti asimsogelee. Abiria waligeuka. Mfanyakazi alitoka kibandani. Yule mtu akaenda zake. Bimkubwa alitembea peke yake mpaka nyumbani. Shamte hakutaja tena habari ya kuacha kazi.

Nyumbani alianza kumwonyesha Tasnim hatua za kirumbizi alizoziona utotoni. Tasnim ni mtoto anayesikia Kiswahili akajibu Kiingereza, na hadithi za kale zikianza huondoka. Safari hii alibaki. Akashika fimbo.

Marivic aliwaomba wacheze kirumbizi katika sherehe ya Wafilipino, mama na binti, kabla ya darasa kuonyesha arnis. Walifanya mazoezi jikoni. Shamte aliwapigia ngoma kwenye sufuria.

Darasani alikuwepo pia Flaviana, msichana wa Moshi anayeuza katika duka moja mjini Rockville. Mteja mmoja alikuwa akimngojea nje kila Jumamosi anapofunga. Flaviana alikwisha kumwambia msimamizi wake, naye alikubali kumbadilishia zamu. Ilibaki Jumamosi moja tu kabla ya zamu mpya. Bimkubwa alimwahidi kuja kufunga naye.

Kisha sherehe ilisogezwa. Ikaangukia Jumamosi hiyo, saa ile ile ya kufunga duka. Wenzake wote wa darasa walikuwa wakicheza, na Shamte alikuwa kazini.

Tasnim alisema kwa Kiingereza kwamba Flaviana ataelewa. Atumiwe ujumbe tu.

"Ataelewa," Bimkubwa alisema. "Lakini atafunga duka peke yake."

Alimpa Wairimu fimbo yake na kumfundisha hatua haraka haraka ukumbini, acheze na Tasnim badala yake. Tasnim hakumuaga.

Alifika Rockville duka likikaribia kufungwa. Mwanamume mmoja alikuwa ameegemea nguzo nje. Flaviana alikuwa mlangoni na funguo.

"Dada, si leo ndiyo mnacheza?"

"Ndiyo leo. Funga, twende."

Yule mtu alijiondoa kwenye nguzo, akawaelekea. Bimkubwa alisimama wima na kuinua kiganja. Kabla hajasema neno, Flaviana alimwambia mtu huyo asimame hapo hapo. Alisema kwa sauti kubwa, na mama mmoja aliyekuwa akipakia vitu garini akainua kichwa.

Yule mtu alisimama. Flaviana akamaliza kufunga, wakaenda stesheni pamoja.