Pombe ya Jana

Mtaani hapo, dereva wa mikate hakuitwa kwa jina lake. Aliitwa Bwana Saa Moja. Kila asubuhi, ikifika saa moja kamili, gari lake jeupe lilisimama mbele ya duka la kona, na mikate ilikuwa bado ya moto. Wenye maduka walisema hawana haja ya saa ukutani. Mke wake, mshonaji, aliyapokea maneno hayo kama sifa zake mwenyewe, na kwa kweli alikuwa na haki. Yeye ndiye aliyemwamsha.

Bwana Saa Moja alikuwa mpole, mcheshi, na mpenda bia. Hakunywa kila siku. Alikunywa Jumamosi, na Jumamosi alikunywa hasa. Lakini mke wake hakuwa mtu wa kuchezewa. Mwenye kiwanda cha mikate alimruhusu dereva kulaza gari nyumbani, kwa hiyo kila Jumamosi jioni mshonaji aliushika ufunguo. "Ukienda kunywa, nenda kwa miguu," alimwambia, naye mumewe alikwenda kwa miguu bila ubishi. Majirani walimsifu mama huyo. Waume wa wenzake waliendesha wakiwa wamelewa chakari. Wa kwake hajawahi hata mara moja, au ndivyo alivyoamini.

Tena alikuwa na dawa yake ya Jumapili asubuhi. Saa kumi na moja alimwamsha mumewe, akamsukumia ndoo ya maji baridi aoge. Akampa kikombe kikubwa cha kahawa chungu. Mwisho alimpa karafuu mbili atafune ili mdomo usinuke. Mumewe aliiita dawa ya kufufua wafu, na wote wawili walicheka. Kwa miaka sita ilifanya kazi, na hawakuwahi kumuuliza mtu yeyote kama ni dawa kweli.

Jumamosi moja, mfanyakazi mwenzake wa kiwandani alikuwa anastaafu. Walianza kunywa saa moja jioni. Bwana Saa Moja alimaliza chupa kubwa saba, akarudi nyumbani kwa miguu, akalala.

Asubuhi alioga, akanywa kahawa, akatafuna karafuu zake. Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mkononi.

"Mke wangu, leo sijisikii sawa," alisema. "Nimpigie msimamizi, atafute mtu mwingine?"

Mshonaji alikuwa anapiga pasi shati la kazi. Aliwaza wenye maduka wakichungulia barabara. Aliwaza watakavyosema, kwamba hata Bwana Saa Moja siku hizi anashindwa na bia. Akaona aibu kabla aibu haijafika.

"Umelala saa tano nzima," alimjibu. "Pombe ya jana iliisha jana. Hebu vaa kiatu."

Mumewe akavaa. Alitembea sawasawa mpaka mlangoni. Mikono haikutetemeka, ulimi haukuwa mzito. Mshonaji akamtilia ufunguo kiganjani, akarudi kwenye pasi yake.

Njia ya kutoka kiwandani kwenda duka la kona ni pana na imenyooka. Wafagiaji wa barabara huanza kazi hapo alfajiri, wamevaa fulana za rangi ya chungwa zinazoonekana kutoka mbali. Mmoja wao alikuwa mama wa makamo ambaye watu walimwita Shangazi, kwa sababu alimsalimia kila apitaye na kumuuliza habari za watoto. Saa moja kasoro robo alikuwa ameinama, akizoa taka kwa koleo na kutia kwenye mkokoteni.

Bwana Saa Moja alimwona. Hilo alilisema tangu siku ya kwanza, na hakulibadili. Alimwona vizuri, akajua anapaswa kufunga breki. Lakini mguu ulichelewa. Ulichelewa kidogo tu, kiasi cha kusema neno moja, na kiasi hicho kilitosha. Mikate ilitapakaa barabarani. Shangazi alifia hospitali kabla ya saa nne.

Polisi walimpa dereva kipimo cha pumzi, akapuliza. Kipimo kilionyesha pombe mara mbili ya kiwango anachoruhusiwa dereva wa gari la biashara. Aliapa kwamba hajaonja hata tone tangu usiku, kwamba hiyo ni pombe ya jana. Sajini wa usalama barabarani, mwanamke mrefu asiyependa maneno mengi, alimjibu kwamba kipimo hakiulizi kama ni ya jana au ya leo. Kinapima iliyomo mwilini. Wakamweka mahabusu.

Nyumbani, mshonaji hakugusa cherehani kwa siku tatu. Usingizi ulimpaa. Siku ya nne shemeji yake, kaka wa mumewe, alikuja na mpango. Alisema mambo si mabaya kama wanavyodhani. Mshonaji aende kituoni akaandikishe maelezo kwamba mumewe hakunywa kabisa Jumamosi, na kwamba baada ya ajali mpita njia mmoja alimpa chupa ya pombe kali apige funda mbili tatu kutuliza moyo. Ndiyo iliyoonekana kwenye kipimo. Huyo mpita njia ameshatafutwa, yuko tayari. Hapo ajali inabaki ajali, na ndugu yao anarudi nyumbani.

"Wewe ndiye mke," shemeji alimwambia. "Neno lako litamtoa au litamfunga."

Mshonaji aliona shimo limefunguka miguuni pake. Binti zake wawili walikuwa wanasikiliza nyuma ya pazia. Akasema ataenda.

Alikwenda kituoni akiwa amekariri uongo wake kama mtoto anayekwenda kwenye mtihani. Sajini alimkaribisha kiti na kuchukua kalamu. Lakini kabla sajini hajaanza kuandika, swali lilimtoka mshonaji bila kutaka.

"Afande, mtu akilala, akaoga, akanywa kahawa chungu, pombe haiishi?"

Sajini akaweka kalamu mezani.

"Haiishi, mama. Kahawa inamwamsha mlevi, haimtoi ulevi. Maji baridi yanaosha ngozi tu. Karafuu zinatudanganya sisi wenye pua. Pombe inaondolewa na ini, na ini lina mwendo wake. Halisikii kahawa wala maji."

"Na usingizi?"

"Usingizi ni kusubiri tu, kama ungekaa macho. Chupa moja kubwa ya bia inaweza kuchukua saa mbili kutoka mwilini. Kwa wengine ni zaidi. Mtu akinywa saba, piga hesabu mwenyewe."

Mshonaji akapiga. Saba mara mbili ni kumi na nne. Kuanzia saa moja jioni, inafika saa tatu asubuhi, au hata baadaye. Saa moja kasoro robo mumewe alikuwa bado mlevi. Alikuwa mlevi alipokuwa ameshika kiatu, na alikuwa mlevi kila Jumapili kwa miaka sita. Machozi yalimtoka, na hakuyafuta.

Sajini akaendelea taratibu. Alieleza kwamba mlevi wa asubuhi ni hatari kuliko wengi wanavyofikiri, kwa sababu yeye mwenyewe haamini kama amelewa. Anatembea vizuri, anaongea vizuri, ila macho na mguu havielewani kwa haraka. Sheria haijali alikunywa saa ngapi. Kwa dereva wa gari la biashara mara nyingi kiwango ni kidogo zaidi. Akiua mtu, anaweza kufungwa miaka na kunyang'anywa leseni, na kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa. Na anayesema uongo kwenye maelezo ya polisi anajifungulia kesi mwenyewe.

"Sasa niambie," sajini alisema, akishika kalamu. "Mumeo alikunywa Jumamosi?"

Mshonaji aliitazama kalamu. Alijua akisema ndiyo, mumewe hatarudi nyumbani. Alijua pia kwamba akisema hapana, Shangazi atakuwa amekufa kwa sababu ya bahati mbaya, na Jumapili ijayo mke mwingine mahali fulani atachemsha kahawa chungu.

"Alikunywa," alisema. "Chupa saba. Asubuhi aliniomba abaki nyumbani. Mimi ndiye niliyemtoa."

Shemeji alimtukana, akaacha kukanyaga nyumbani kwake. Mshonaji alibaki na cherehani na binti zake.

Mahakamani Bwana Saa Moja alikiri kosa. Alihukumiwa kifungo cha miaka minne, na leseni yake ikafutwa. Binti wa Shangazi aliketi kiti cha mbele. Hakulia na hakumtazama mtu. Hukumu iliposomwa aliinuka akatoka, na mshonaji hakupata ujasiri wa kumfuata.

Siku ya kwanza ya kumtembelea mumewe gerezani, mshonaji alijiandaa kwa lawama. Hakulaumiwa.

"Nilijua sijisikii sawa," mumewe alisema. "Usukani niliushika mimi."

"Na kiatu nilikuvisha mimi," mshonaji alijibu.

Wiki iliyofuata alikwenda kiwandani, akamwomba msimamizi nafasi ya kuzungumza na madereva. Walikuwa watano, wamesimama uani kati ya kreti tupu. Aliwaeleza yote, ndoo, kahawa, karafuu na hesabu ya saa. Mmoja alianza kutabasamu aliposikia habari za karafuu, kwa kuwa naye alikuwa nazo mfukoni, kisha tabasamu likamkauka. Msimamizi alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Ni yeye aliyezoea kuwaambia madereva wakiamka na uchovu wa pombe wanywe maji mengi na wawahi kazini.

Baada ya hapo kiwanda kilinunua kipimo cha pumzi, na kila dereva alipuliza getini kabla ya kukabidhiwa gari. Aliyesema mapema kwamba jana alikunywa alipewa kazi ya kupanga mikate siku hiyo, bila kufokewa.

Jumapili ya tatu kipimo kikamkataa dereva mmoja, aliyekuwa amenyoa, ananukia sabuni, na anaapa kuwa yuko sawa. Akavua kofia, akaingia ndani kupanga mikate. Gari lilimngoja dereva mwingine. Mwenye duka la kona alipiga simu mara nne, na mara ya nne alitukana.

Mikate ilipita barabara ile saa tatu. Mshonaji alikuwa anakwenda sokoni, akaliona gari. Kando ya njia wafagiaji walikuwa wamemaliza sehemu yao, wameegesha mikokoteni na kuketi kunywa chai. Akasimama akawahesabu. Mikokoteni ilikuwa minane, na wafagiaji wote wanane walikuwepo.